Babu Ametaga

Mgeni rasmi, viongozi mlioketi mbele, na majirani mliosimama nyuma kwa sababu viti vimetuishia: hamjambo, na karibuni mno. Tunaomba radhi mapema. Tangu Alhamisi tunacheka ovyo, na msomaji wa risala hii, ambaye ni mtunza stoo, ameonywa mara mbili ajikaze.

KUANZISHWA KWETU

Hifadhi hii ilianza miaka kumi na mmoja iliyopita kwa kobe mmoja aliyeokolewa kwenye moto wa nyika. Kobe wa aina yake wapo huku kwetu tu, na walikuwa wakiokotwa na kuuzwa kando ya barabara mpaka wakakaribia kwisha. Huyu alikuwa mkubwa, shingo imejaa makunyanzi, na akila hukohoa kama mzee. Mtunza stoo akaandika daftarini: "Dume. Jina: Babu."

Hapo ndipo tulipokosea. Jinsia ya kobe hujulikana kwa kumpindua: tumbo la dume limebonyea, la jike ni bapa. Lakini nani angempindua Babu? Kila aliyetumwa alirudi akisema, "Mimi simpindui mtu mzima."

MAFANIKIO

Leo tuna kobe wanne. Watatu waliofuata waliletwa na wananchi: dereva wa lori, fundi cherehani na mama muuza mboga, ambaye hadi leo anatuletea majani yaliyonyauka bila kuombwa. Tukawaandika wote watatu wake za Babu. Na mke wa babu ni bibi, kwa hiyo nao hawakupinduliwa.

Miaka ikapita bila yai. Tulisema ni uzee, tukamwongezea Babu maboga.

Alhamisi mfagiaji wetu aliingia ofisini na ufagio mkononi. "Jamani, Babu ana mawe kwenye figo, na yanatoka."

Tulikimbia. Yalikuwa mayai saba. Daktari wa wanyama akaja, akawapindua wote bila kuwaomba radhi, kisha akaketi juu ya ndoo akacheka hadi machozi. Babu ni jike. Wake zake wawili ni majike kweli. Dume ni yule aliyeletwa mwaka jana, ambaye daftarini anaitwa Mke Mdogo.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Babu aliuficha miaka kumi na mmoja, na amezaa. Mgeni rasmi, furaha hii hatujui tuiweke wapi.

CHANGAMOTO

Ni moja tu. Mayai ya kobe yakishafukiwa hayageuzwi wala hayahamishwi, maana kiumbe kilichoanza kuumbika ndani hufa. Yanataka miezi mingi ardhini bila kuguswa. Na katika eneo lote hili, Babu amechagua pale ambapo mafundi wameshachora mistari ya chokaa ya jengo la mapokezi, lile ulilokuja kuliwekea jiwe la msingi. Kesho asubuhi wanaanza kuchimba.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandika maombi tisa, pamoja na pampu ya maji na mabati ya stoo. Tumeyafuta manane. Lililobaki ni jengo lisogezwe hatua kumi na tano kuelekea getini. Fundi mkuu anasema inawezekana, "ila mimi siigusi ramani bila sahihi ya mkubwa." Mkubwa ni wewe. Ramani iko kwenye ile meza ndogo, chini ya glasi ya maji. Kalamu ipo. Tumeijaribu, inaandika.

Tunacheka, lakini tunaogopa. Kobe hawa hawana kwao kwingine, na mayai haya ndiyo ya kwanza.

Mungu akupe afya, na akujalie uzee wenye habari njema kama wa Babu. Ukiinuka kwenda mezani, tafadhali pita kushoto. Hapo kulia kwako, penye kigingi chenye kitambaa chekundu, ndipo walipo hao saba.

Ni sisi wajukuu zake,
Wafanyakazi na Majirani wa Hifadhi ya Kobe.