Bi Yudita Luvanda na Barabara ya Mlangoni Kwake

Ifikapo tarehe 12 Septemba 2025, Bi Yudita Luvanda, Ofisa Mipango ya Matengenezo ya Barabara katika ofisi yetu ya Makambako, atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne ya utumishi na miaka sitini ya kuzaliwa. Sheria inasema inatosha. Sisi tulioketi naye meza moja tungependa kuikatia rufaa hiyo sheria, lakini mwenyewe ametukataza. Anasema hajapata kuona bajeti iliyoongezewa muda ikaleta heri.

Alizaliwa Iwawa, Makete, kwenye baridi inayomfundisha mtoto kuheshimu blanketi kabla hajajua kuhesabu. Wazazi wake walilima viazi. Ni Mkinga halisi, na sisi watani wake Wabena tumemsumbua kwa jambo moja miaka yote: Wakinga wenzake wamejaza maduka kuanzia Njombe mjini hadi Kariakoo, yeye peke yake ndiye aliyeiacha kaunta akaenda kuchunga mashimo. Hakasiriki. Hucheka, kisha hutukumbusha kwamba bidhaa za hao wenye maduka hazirushwi kwa ungo, hupita barabarani.

Aliajiriwa Julai 1991 mjini Njombe, enzi ambazo Njombe ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Iringa, akiwa fundi sanifu wa kike peke yake katika karakana nzima. Walimpa kazi ya kusimamia mapipa ya lami, wakidhani harufu itamrudisha Makete. Haikumrudisha. Alikwenda masomoni, akarejea, akakabidhiwa kupanga mafungu ya matengenezo, na mwaka 2006 akahamishiwa Makambako, mji wetu wa njia panda, upepo na malori. Tangu hapo ofisi imebadilisha jina, jengo na wakubwa. Yeye alibaki, pamoja na kabati lake la chuma ambalo mlango wake haufungi mpaka upigwe teke.

Kwa wasioijua kazi hii, ielezwe kidogo. Kila mwaka maombi ya barabara huwa mengi kuliko fedha. Mtaa huu unataka kifusi, ule unataka kalavati, mwingine unataka tabaka jipya la lami juu ya lami iliyochoka, na wote wana haki. Kazi ya mama huyu ilikuwa kupanga nani aanze na nani asubiri, kisha kwenda kuwatazama usoni wale wanaosubiri. Hiyo sehemu ya pili ndiyo huwashinda wengi. Yeye alikwenda mwenyewe, akasalimia kwa "Kamwene" kuanzia kwa wazee hadi kwa watoto, akaketi, akaeleza kwa nini mwaka huu bado. Watu walinung'unika, maana kunung'unika ni haki yao, lakini walimsindikiza hadi njiani, na si mara moja alirudi ofisini na kikapu cha maparachichi.

Mipango ya bajeti huandaliwa wakati wa masika, na hapo ndipo alipotushangaza sana mwanzoni. Wengine walikagua barabara jua likiwaka, kiangazi, viatu vikiwa safi. Bi Yudita alisubiri mvua ikolee, akavaa mabuti na koti la mvua (mwavuli wa Makambako upepo huugeuza bakuli), akaenda kusimama pembeni ya barabara kutazama maji yanapopita. Alishika imani kwamba adui wa kwanza wa lami si lori la mbao, ni maji yasiyo na pa kwenda. Aliweza kusimama mahali pamoja mpaka wapita njia wakaingiwa na wasiwasi. Kuna akina mama wa usharika wake waliomwona hivyo siku mbili mfululizo, wakafika nyumbani jioni na Biblia, wakataka kumwombea. Aliwashukuru, akaombewa, na kesho yake akarudi palepale kwenye mvua.

Tatizo ni kwamba hakuna kiongozi anayependa kusifiwa kwa mfereji. Wote hutaka lami mpya, kwa sababu lami ina utepe wa kukata. Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta ameitumia mbele ya kila mkubwa aliyepita, hadi mmoja akawa anaimalizia yeye kabla mama hajafika katikati. Alipoona methali imechoka, alibadili mbinu. Mwaka mmoja alinunua utepe mwekundu na kreti mbili za soda, akaufunga kwenye kalavati lililozibuliwa, akamwalika diwani wa eneo hilo aje kuzindua. Kwaya iliimba. Picha zilipigwa. Maji yalipita chini ya kalavati kwa heshima zote. Kuanzia mwaka uliofuata madiwani walianza wenyewe kuulizia mifereji, na mpaka leo duka la vitambaa la jirani yetu linajua msimu wa bajeti ukifika.

Na ipo kanuni yake ambayo wageni wa ofisi huwa hawaiamini. Inapojadiliwa barabara yoyote, mwenye nyumba, shamba au ndugu kwenye barabara hiyo hutoka nje mpaka wenzake wamalize kuipa alama. Ni kanuni nzuri, ila waliozaliwa huku tunajua ugumu wake, kwa kuwa undugu wetu hauna mpaka. Siku tulipofika kwenye barabara ya kwenda sokoni tulitoka mmoja mmoja, huyu ana shangazi, yule ana mkwe, mpaka akabaki dereva wetu Ebeneza, mzaliwa wa Tanga, aliyekuwa ameingia tu kuomba kibali cha mafuta. Tuliporudi tulimkuta ameketi kwenye kiti cha mwenyekiti. Akatuarifu kwa utulivu kwamba barabara imepita, na mafuta yake pia yamepita.

Lakini wasifu unaoficha lililomuumiza mtu ni sawa na hotuba ya kampeni, na Bi Yudita mwenyewe ametutaka tusiandike hotuba ya kampeni.

Anaishi Mahongole, kwenye barabara ya Kisimani, pamoja na mumewe Mzee Kristofa, mwalimu mstaafu. Barabara hiyo ilipakwa lami nyepesi zamani. Malori ya mbao yakaichuna, maji yakamalizia, na kwa miaka mingi imekuwa mashimo yenye visiwa vya lami. Kila msimu ilistahili kuingia kwenye mpango, na kila msimu haikufika mezani. Kanuni ilimtaka yeye atoke chumbani. Yeye hakutoka, aliitoa barabara. Kitu alichokiogopa kuliko mvua na wakaguzi ni kuambiwa kwamba amejipelekea lami mlangoni. Watu walimsifu kwa hilo, na sifa ikazidi kumfunga.

Majirani walivumilia. Walichanga, wakafanya msaragambo wa mtaa mzima, wakamwaga kifusi, mvua ikakichukua. Machi mwaka jana Telesia, wa nyumba ya tatu kutoka kwake, alishikwa na uchungu mvua ikimwagika. Gari lililokuja kumchukua lilizama kwenye shimo, likakataa kutoka. Wanaume walifunga blanketi kwenye milingoti miwili, wakambeba hadi barabara kuu, Mzee Kristofa akitembea pembeni na kuwaelekeza pa kukanyaga. Mungu ashukuriwe, mtoto alizaliwa salama, wa kike, na mama akapona. Bi Yudita hakuwepo. Siku hiyo alikuwa Njombe, akitetea bajeti ya mitaa ya watu wengine.

Mwezi Novemba mtaa uliitisha mkutano wa kupokea maoni ya bajeti mpya, naye aliuhudhuria kama ofisa. Telesia alisimama, mtoto akiwa mgongoni. Hakupandisha sauti.

"Mama Nelly," alisema, akimwita kwa jina la binti yake kama majirani wote wamwitavyo, "tumekaa tukajiuliza, jibu tukakosa. Hivi sisi kosa letu ni kuwa majirani zako?"

Bi Yudita aliliandika swali hilo kwenye daftari la maoni, neno kwa neno. Mzee Kristofa anasema jioni hiyo ugali ulipoa mezani na hakuna aliyeuulizia.

Jumatatu alitueleza waziwazi, bila kuzunguka. Alisema alidhani anajinyima yeye, kumbe walionyimwa ni wengine. Alikuwa amelinda jina lake kwa magoti ya watu wanaotembea kwenye matope. Akaomba twende kukagua Kisimani bila yeye, tuipe alama bila yeye, na tusimhurumie. Tulikwenda. Ilishika nafasi ya kwanza, na iliyofuata ilikuwa mbali.

Hapo ndipo alipoingia kwenye jambo alilolikwepa maisha yake yote. Mpango ulipofika mbele ya kamati ya madiwani, ni yeye aliyepaswa kuusoma, miezi michache tu kabla ya kustaafu, na barabara ya kwanza kwenye mpango ilipita mbele ya geti lake. Tulimwambia angeweza kumwachia mwingine asome. Akakataa, akasema aliyeificha ndiye aitoe. Alipoisoma, diwani mmoja alitabasamu, akasema, "Naona mama anajiandalia kiinua mgongo cha lami." Ukumbi ulicheka. Sisi tuliomjua tulitazama chini, kwa sababu neno alilolikimbia miaka yote lilikuwa limemfika, mbele ya watu, na kwa kipaza sauti.

Bi Yudita alisema, "Ni kweli, waheshimiwa, ninaishi pale. Twendeni mkaone, halafu mseme mnachotaka kusema." Nje mvua ya Februari ilikuwa inanyesha kama kawaida yake.

Walikwenda. Gari la kamati lilifika katikati ya Kisimani, likaketi. Waheshimiwa walishuka kusukuma, akiwemo yule wa kiinua mgongo, na viatu vyake vyeusi vya ngozi ambavyo alikuwa ameving'arisha vizuri sana. Kiatu cha kushoto kilibaki kwenye tope. Telesia alitoka kwake akiwa na jembe, akawaamkia wote kwa adabu, akamkabidhi mheshimiwa lile jembe, akarudi ndani kumtazama mtoto. Walichimba. Walisukuma. Waliporudi ukumbini, diwani huyo aliomba kwa hiari yake maneno yake yaondolewe kwenye muhtasari, na mpango ukapita bila barabara ya Kisimani kuondolewa.

Mkandarasi aliingia Julai. Bi Yudita alisimamia mifereji ijengwe kwanza, na lami ije baada ya maji kupata njia yake, kama alivyosimamia kwingine kote. Mkandarasi, kwa ukarimu, alitaka kuvuta kipande cha lami hadi kwenye kizingiti cha geti lake. Alifukuzwa kwa maneno ambayo programu hii ya kumuaga haiwezi kuyachapa. Mwisho wa Agosti kazi ilikabidhiwa. Malori yanapita, mbao zinapita, na mvua ikija tutakwenda kuyatazama maji, na safari hii tutakwenda bila mwalimu wetu.

Tunamshukuru Mzee Kristofa na binti yao Nelly kwa kutuazima mtu wao kwa miaka hii yote, wakabaki na koti la mvua likichuruzika sebuleni. Tunawashukuru watu wa Kisimani, ambao walisema ukweli bila matusi. Na wewe, Mama, tunakushukuru kwa mitaa uliyoiokoa bila mtu kujua kuwa ilikuwa hatarini. Tunakushukuru kwa kutufundisha kumwambia mwananchi "bado" huku tumemtazama machoni. Zaidi ya yote tunakushukuru kwa ile Jumatatu. Wapo wengi wanaofika mwisho wa kazi wakiwa na jina safi. Ni wachache wanaokubali kulihatarisha jina hilo mlangoni pa kutokea, kwa ajili ya jirani.

Uende ukapumzike, Mungu akujalie afya, wajukuu wenye kelele, na viazi visivyopigwa na baridi. Liko ombi moja tu. Majirani wametunong'oneza kwamba tangu lami ikamilike hujaikanyaga. Wanasema asubuhi unatokea mlango wa nyuma na kuzunguka kwa njia ya shambani, kama mtu anayekwepa mdai wake, usije ukaonekana unafaidi. Telesia ametuagiza tukuambie mbele ya watu wote, nasi tunatii. Hiyo njia ya shambani wameipanda maharage jana. Kesho, Mama Nelly, tokea geti la mbele.