Hodi Isiyoitikiwa Si Salama: Risala ya Chumba cha Chini kwa Mama Mkurugenzi

Mgeni rasmi, mama yetu Mkurugenzi; bosi wetu, unayetutazama kwa jicho la "fupisheni"; na wenzetu wa idara nyingine mliofuata soda:

KARIBU
Tunakushukuru kwa kushuka hadi chumba cha kompyuta, ambako wengi hufika wakiwa wamepotea. Mgeni njoo, mwenyeji apone: feni iliyolala tangu mwaka jana imeamshwa jana kwa ajili yako. Uje tena, mama, bado kuna viti vya kutengenezwa.

TULIKOTOKA
Kazi yetu ni kukagua kumbukumbu za matukio kwenye seva za zahanati za mbali, tujue mapema ipi inaumwa. Ukaguzi hufanywa na programu. Ile ya zamani tuliiita Kobe, na kobe halisi angetushtaki. Ilikwenda kwenye seva moja, ikabeba kumbukumbu zote hadi hapa, ndipo ikaanza kutafuta kasoro, ikimaliza, inayofuata. Ni sawa na kubeba gunia zima la mchele hadi nyumbani ili tu uone kama lina mawe. Tuliiwasha, tukanywa chai, tukaosha vikombe, tukachemsha nyingine.

MAFANIKIO
Ndipo ukatuletea dada mmoja kwa mkataba mfupi. Kwa hilo, asante isiyo na kipimo. Aliifundisha programu kuziuliza seva zote kwa pamoja, kila moja ijichambue hukohuko, ilete mawe tu. Siku ya kwanza majibu yalirudi chai ikiwa bado inaunguza. Kila mstari: salama. Tukapiga makofi.

Makofi hayajaisha, muuguzi wa zahanati moja akapiga simu. Mashine yao ilikuwa imezima tangu asubuhi, wagonjwa wanaandikwa kwa kalamu. Kwenye kioo chetu, zahanati hiyohiyo ilikuwa salama. Kumbe tangu enzi za Kobe programu ilifundishwa kwamba asiyejibu hana tatizo.

Bosi akataka turudi kwa Kobe, akisema haraka haraka haina baraka. Dada akamjibu taratibu:

"Bosi, ukipiga hodi pakawa kimya, utasema wenyeji hawajambo?"

Bosi akacheka, nasi tukajua Kobe ameaga dunia. Sasa programu hupiga hodi mara tatu. Seva isipojibu, huandikwa kwa wekundu: haikuitika, na mmoja wetu hushika simu papo hapo. Kasi imebaki, uongo umeondoka. Dada naye tukambatiza Hodi.

CHANGAMOTO
Viti tumeshavitaja. Kubwa ni kwamba mkataba wa Hodi unakwisha mwezi huu, na kwenye ngazi tunasikia kuwa kwa vile kazi imekuwa nyepesi, mtu mmoja amezidi. Mama, aliyeifupisha kazi asifupishwe yeye. Tumeuliza ofisini kwako mara mbili, kimya. Hodi mwenyewe hutania kwamba huenda jibu lake linaletwa na Kobe. Anacheka, ila siku hizi hamalizi chai.

OMBI
Ni moja: Hodi abaki. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Sisi mshindo hatuutaki. Kimya cha ofisi yako hatukukiandika "hapana", wala "ndiyo". Tumekiandika kwa wekundu.

Mungu akupe afya, na ngazi zikuwie nyepesi ukipanda. Ulipoingia tulikuambia karibu. Hii ya leo, mama, ni hodi ya tatu.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Chumba cha Chini, pamoja na Hodi, aliyetukataza kusoma sehemu mbili za mwisho.