Papa Félicien Lotika, Aliyesikiliza Rufaa za Nyumba Akiwa Amesimama

Ndugu wa Yanonge, jirani wa Kabondo, nanyi nyote mliokesha nasi siku mbili hizi, sogeeni, tafuteni pa kukaa, familia iwasomee maisha ya mzee wetu, ambaye asingekubali mtu asikilize habari ndefu akiwa wima.

Papa Félicien Lotika alizaliwa Yanonge tarehe 14 Februari 1927, mtoto wa tatu wa Papa Sébastien, mvuvi, na Mama Félicité, akasoma shule ya misheni, kisha akaja Stanleyville, kama mji wetu ulivyoitwa wakati ule, akamaliza masomo ya ukarani mwaka 1946, na tarehe 2 Januari 1947 akaajiriwa ofisi ya kodi, ambako kwa miaka kumi na tatu alipiga taipureta barua za wakubwa, kimya, akiona kila kitu. Tarehe 21 Juni 1952 alifunga ndoa na Mama Célestine, aliyemkubali, kama anavyosema mwenyewe, kwa sababu ndiye kijana pekee aliyemwacha amalize kusema, na Mungu akawajalia watoto wanne, Claire, Timothée, Sébastien na Safi.

Uhuru ulipofika na wakubwa wa Kizungu wakaondoka, aliteuliwa, tarehe 1 Septemba 1960, kuongoza kamati ya mji iliyosikiliza rufaa za watu walioona nyumba zao zimekadiriwa thamani kubwa mno, na kodi ikapanda nayo. Alikuta mwenye nyumba anasikilizwa mlangoni, kofia mkononi, dakika tano, na kwa kuwa chumba kilikuwa na viti vinne tu, vitatu vya wajumbe na kimoja chake, alikitoa chake, akasimama yeye, akaweka sheria mbili ambazo hazikuandikwa popote: mwenye nyumba aketi aseme mpaka amalize, kisha kamati iende kwa miguu kuiona nyumba yenyewe kabla ya kukata neno, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wajumbe wenzake walinung'unika sana, kwani hakuna anayeisema nyumba vibaya kama mwenye nyumba siku ya rufaa, na wengine walianzia kwa babu aliyefyeka kiwanja.

Tusimpambe, hakuwa laini. Tarehe 6 Februari 1962 alimsikiliza seremala Alfani Hemedi, wa hapa hapa Kabondo, saa nzima na nusu, juu ya paa linalovuja, akaenda, akakuta mabeseni matatu yamepangwa sakafuni na mvua haijanyesha kwa majuma mawili, akapanda juu na viatu vyake vya kanisani, akagonga bati moja moja, akateremka, akaikataa rufaa. Papa Alfani alikula yamini hatamsalimu tena, na kwa miaka miwili kila alipomwona alivuka barabara.

Tarehe 5 Agosti 1964 waasi waliingia mjini, makarani wakaanza kukamatwa, na tarehe 19 Papa Félicien akapelekwa uwanjani mbele ya baraza lao, kwa kosa la kuitumikia serikali na kodi zake, na Mama Célestine, akiwa kwenye umati na Sébastien mgongoni, aliona waliotangulia wakiulizwa neno moja, wakiondolewa, wasirudi. Zamu ya mumewe ilipofika watu walipisha, akapita Papa Alfani na kiti kichwani, kipya, cha karakana yake, akakitua, akasema maneno ambayo Mama ameyashika kama sala: “Huyu mutu alinikatalia, na minamukasirikia mpaka leo. Lakini siku ile alinikalisha mu kiti yake, akasimama yeye, akanisikia mpaka nikamaliza. Bon, na yeye akae. Aseme yote, kisha muende kuuliza ku manyumba, ndiyo mukate maneno.” Mkubwa wa baraza alicheka, kwa nini hatujui, akakubali, mzee akaketi, akasema polepole mpaka mwisho, na waliotumwa Kabondo walirudi kesho yake na ushahidi wa watu kumi na wawili, saba kati yao walioshindwa rufaa, wakamwachia. Alipokwenda kushukuru, Papa Alfani alimjibu kwamba ni kweli, lile paa lilikuwa halivuji. Safi, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1966, ana jina la mama yake Papa Alfani.

Mzee alirudi kazini mwaka 1965, akastaafu tarehe 31 Desemba 1985. Tangu 1989 moyo ulimsumbua, miguu ikavimba, daktari akamwamuru akae ainyooshe, naye akaitika vizuri sana, kisha akainuka kila mgeni alipoingia, mpaka Jumamosi tarehe 9 Novemba 1991, saa kumi alasiri, alipotuacha, nyumbani kwake, na tunaumia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, jirani waliopika na kuteka maji, wenzake wa ofisi ya kodi, na Papa Alfani, ambaye tangu asubuhi tumempelekea kiti mara tatu na mara tatu amekikataa, bado amesimama pale penye jeneza, anasema leo ni zamu yake.

Papa Félicien, wote wamemaliza kusema, na rafiki yako anasimama kwa ajili yako. Sasa na wewe keti, Papa. Pumzika kwa amani.