Mama Masaa Avuka Dirisha Namba Mbili

Baada ya miaka thelathini na mmoja nyuma ya dirisha namba mbili la ofisi yetu ya tiketi za ndege, Mama Masaa anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Meza ameshaikabidhi. Kiti bado amekikalia.

Alianza kama binti wa kugonga mihuri, akapanda hadi mhudumu mkuu. Wateja wetu wengi huuliza jambo lile lile: huo mji wa ng'ambo waliko watoto wetu, ni mbali kiasi gani, na safari inachukua muda gani? Kompyuta hujibu kilomita elfu tisa, saa kumi na moja. Mama Masaa hakuwahi kuridhika na jibu hilo. Huongeza foleni ya barabarani, ukaguzi, begi ambalo lazima litoke la mwisho, na teksi ya kule, kisha hutamka: masaa kumi na tisa, mpaka umkumbatie mtu wako.

Jina hilo halikuja kwa mzaha. Mwaka wake wa pili kazini, fundi viatu mmoja, aliyekuwa akienda kumwoza binti yake, alimuuliza ndege ni saa ngapi. Yeye akadhani anaulizwa urefu wa safari, akajibu kwa Kiswahili fasaha: saa kumi na moja. Ndege ilikuwa ya saa nane mchana. Fundi hakuhangaika kusoma tiketi; aliwasili uwanjani saa tisa, suti imenyooka, akijipongeza kwa kuwahi. Masikini! Alifika kule harusi imekwisha. Mama Masaa alilia hapa hapa ofisini, na tangu siku hiyo muda wa safari kwake ni masaa, na saa ni ile ya ukutani.

Sisi wahariri wa jarida hili la ofisi tulimpinga kwa nguvu zote. Kila makala aliyotuandikia tuliipitishia kalamu nyekundu, maana wingi wa saa ni saa. Alikuwa akitusikiliza kwa adabu, kisha anasema kwamba hicho Kiswahili chetu kizuri kilishamwacha abiria uwanjani.

Wiki iliyopita alizunguka meza, akapanga foleni kama mteja. Binti yake wa pekee, ambaye hajamwona kwa miaka sita, anajifungua mtoto wa kwanza katika mji huo huo, na daktari amesema ni siku yoyote kuanzia Jumapili. Mama Masaa, ambaye jibu la swali hilo hulitoa hata akiwa usingizini, aliuliza kwa sauti ya chini kama atawahi. Tukapiga hesabu kwa njia yake, na foleni na begi na teksi, tukaipiga tena. Atawahi. Akafuta macho kwa kitambaa cha meza, jambo ambalo angemkemea yeyote mwingine.

Asante, Mama Masaa, kwa kila mtu uliyemfikisha kwa mtu wake. Tunakutakia mapumziko yenye kelele za mjukuu. Kalamu nyekundu leo tumeiweka pembeni, kwa hiyo tafadhali soma vizuri: ndege yako inaondoka Ijumaa saa nne usiku, na safari ni masaa kumi na tisa, mpaka umkumbatie mtu wako.