Shemeji, Umeona Nini?

Wafiwa wenzangu, majirani, na ninyi mlioacha kazi zenu mkaja kusimama nasi, poleni kwa msiba na poleni kwa safari, mimi ni mdogo wake mume wa marehemu, yaani marehemu ni shemeji yangu, na familia imenikabidhi kazi hii ya kusoma ingawa kila mtu hapa anajua sina subira ya kusoma hata maelezo ya dawa ya kikohozi. Historia tuliyoandika mara ya kwanza ilikuwa ndefu mno, na kila mmoja aliongeza lake, kisha tukakumbuka ni nani tunayemsindikiza, tukaanza kufuta.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya watano, baba yake akiwa mchora mabango ya maduka na mama yake mshonaji, na utoto wake ulipita katika chumba cha mbele kilichonuka rangi na mafuta ya taa, akimshikia baba mkebe na kumwangalia akiizungushia kila herufi kivuli, na kila kivuli akikiwekea ua, mpaka watu wakalisifia bango bila kujua duka lenyewe linauza nini. Kisa hicho alikisimulia maisha yake yote huku akicheka, na kwa mapenzi, maana mzee wake alimpenda mno.

Alianza shule ya msingi Januari 1968, akaingia sekondari mwaka 1975 na kumaliza 1978, kisha mwaka 1980 akajiunga na chuo cha takwimu, akahitimu tarehe 26 Novemba 1982, na tarehe 1 Julai 1983 akaajiriwa katika ofisi ya takwimu ya manispaa, chumba cha mwisho ghorofa ya pili, kazi yake ikiwa kupokea taarifa za zahanati zote za mji na kuzichorea chati, ili wakubwa wakikaa waamue dawa na wauguzi wapelekwe wapi.

Mwaka wake wa kwanza kazini, na hili yeye mwenyewe alitaka lisomwe, alichora chati kubwa moja ya kuvutia, rangi chungu nzima, fremu ya maua kama ya baba yake, miraba nyuma yake, picha ya mtoto pembeni, na maelezo ya rangi yakiwa chini kabisa kwa herufi ndogo kama sisimizi, ikatundikwa ukumbini na kila aliyepita akasema imependeza. Ndani ya chati hiyo kulikuwa na mstari wa njano hafifu uliokuwa ukipanda mwezi hadi mwezi, nao ulikuwa surua katika mtaa wa machimbo ya mawe, na hakuna aliyeuona, hata yeye aliyeuchora kwa mkono wake, mpaka watoto walipoanza kuzikwa. Alikwenda kwenye msiba mmoja, akakaa na kina mama bila kujitambulisha, aliporudi ofisini akapanda juu ya kiti, akaishusha ile chati na kuikunja.

Kuanzia hapo akawa mtu wa kufuta, miraba ikaondoka, fremu ikaondoka, jina la kila mtaa likaandikwa pale pale mstari wake unapoishia ili jicho lisihangaike, mistari yote ikawa ya kijivu isipokuwa ule mmoja wenye habari, na juu, badala ya kuandika idadi ya wagonjwa kwa mwezi, akawa anaandika kwa maneno ya kawaida kwamba kuhara kunaongezeka upande wa sokoni. Kwenye chati za nguzo, nguzo zake zote zilianzia sifuri, na mkubwa mmoja alipotaka zikatwe miguu ili mafanikio yake yaonekane marefu, alimjibu kwa heshima zote kwamba hata yeye akipigwa picha kuanzia kifuani haongezeki urefu. Zile chati za duara zenye vipande vingi aliziita keki ya sherehe ya watu waliogombana. Wenzake walimpa jina la Mama Kifutio, mwanzoni kwa kejeli, baadaye kwa fahari, na wale aliowafundisha wamejaa hapa leo, nimewaona wanavyoikagua ratiba ya mazishi, jamani, tumejitahidi.

Tarehe 13 Desemba 1986 alifunga ndoa na kaka yangu, fundi wa majokofu, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa 1988 ambaye ni fundi umeme, na kijana aliyezaliwa 1992 ambaye ni mwalimu, pamoja na mjukuu mmoja wa kike. Mimi niliishi nao miaka mingi, na humo ndani nilikuwa na cheo changu, maana kila chati kabla haijakwenda kwa wakubwa ilibandikwa kwenye mlango wa kabati la vyombo, naitwa, nasimamishwa mbele yake na kuulizwa, "Shemeji, umeona nini?" Nikijibu kwamba nimeona rangi nzuri, inabanduliwa na kuanzwa upya. Aliwaambia wageni bila haya kwamba kitu kikiingia katika kichwa cha shemeji yake kitaingia katika kichwa chochote, na mimi, kwa ujinga wangu, nilijisikia mtu muhimu.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2021, na Oktoba 2022 akaanza kuumwa, ikagundulika kuwa ni saratani ya ini, akawekewa dawa kwa dripu, awamu baada ya awamu, na Januari mwaka huu madaktari walituita wakatueleza bila kuficha kwamba dawa haitaondoa ugonjwa, itaupunguza kasi tu, na kuendelea au kuacha ni uamuzi wake yeye pamoja nasi. Marehemu alitaka kurudi nyumbani. Kaka yangu hakutaka kusikia, alisema mke wake hawezi kuachwa hivi hivi, kila akielezwa alitoka nje kwenda kupiga simu kutafuta hospitali nyingine, na sisi wengine tukagawanyika, tukawa tunanong'onezana korido nzima.

Ndipo marehemu akaomba karatasi na penseli, akachora mstari mmoja, kila nukta ikiwa wiki moja, na nukta ikipanda kadiri ya siku alizoweza kuinuka mwenyewe na kukaa mezani kula na watu, na chini yake alama ndogo za kijivu pale alipowekewa dripu, basi, hakuna kingine. Akanisimamisha mbele yake, kaka yangu akiwepo, akauliza lile swali lake. Nilitamani nijifanye sijaelewa, siku hiyo ujinga wangu ungekuwa na faida, lakini nisingeweza kumdanganya, nikasema, "Naona kila dripu inakushusha, na kila ukipanda hufiki pale ulipokuwa." Kaka yangu alinitazama kama adui, akatoka. Aliporudi alisimama mbele ya ile karatasi peke yake muda mrefu, kisha akaenda kumwomba muuguzi utaratibu wa kumrudisha mke wake nyumbani.

Alirudi tarehe 3 Februari, kitanda kikawekwa chumba cha mbele, chati ikabandikwa kwenye mlango wa kabati la vyombo, na kaka yangu akachukua kazi ya kuweka nukta kila Jumapili, akikosolewa kwa kukandamiza kalamu. Mstari ulipanda, ukapita pale ulipofika wakati wa dripu, na wiki ile aliyokula mezani kila siku na mjukuu wake mapajani, kaka yangu alichora ua dogo juu ya nukta. Marehemu aliagiza kifutio. Alipoletewa alikishika, akalitazama lile ua, akakiweka kando, na hilo ndilo pambo pekee aliloliacha tangu alipoishusha ile chati ukumbini. Baadaye mstari ulianza kushuka, sote tukauona ukishuka, na Jumanne tarehe 21 Mei 2024, asubuhi, akiwa kitandani kwake na sisi sote tukiwepo, alifariki dunia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliotuambia ukweli kwa upole, majirani mliopika na kufagia bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake, hasa aliyeyafuta yale mapambo ya rangi sita kwenye jalada la ratiba hii dakika za mwisho, angefurahi.

Kaka, juzi ulinishika mkono ukanipeleka mbele ya lile kabati, ukaniuliza swali lake, nikashindwa kujibu kwa sababu ya machozi, basi nakujibu leo mbele ya watu wote. Nimeona kwamba alikaa mezani na sisi.

Na wewe, shemeji, pumzika kwa amani, safari hii nimeelewa mara moja.