Mkunga Aliyeandika Maoni Yetu

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni mdogo wake marehemu, wa tumbo moja. Mkurugenzi wa hospitali, aliyeketi mstari wa pili, ameomba dakika tano za kutoa rambirambi, nasi kama familia tumempa, ila azitumie kusikiliza.

Dada alizaliwa tarehe 4 Machi 1964, nyuma ya duka la baba yetu fundi saa, akaanza shule ya msingi 1971, akamaliza sekondari 1981, akahitimu ukunga Novemba 1985, na Januari 1986 akaajiriwa wodi ya wazazi ya hospitali ya bondeni, ambako wengi mnaolia hapa mlipigwa naye kofi la kwanza la maisha, na mama zenu wakambatiza jina la Mama Pumua. Tarehe 15 Aprili 1989 aliolewa na shemeji yetu fundi umeme, wakajaliwa mabinti wawili na mwana mmoja.

Mwaka 2021 tulitangaziwa kwamba huduma za bondeni zitaunganishwa na za hospitali kuu ya mlimani, lakini kwanza wananchi na wafanyakazi waulizwe, asije akaonewa mtu. Mkutano wa maoni ulifanyika tarehe 9 Februari 2022, ghorofa ya tatu, lifti ikiwa mbovu, wenye viti vya magurudumu wakabaki chini, wafagiaji na wapishi wakiwa zamu, viziwi wakikosa mkalimani. Dada akauliza mjamzito asiyesikia atapigaje simu kuita gari, mkurugenzi akamwambia, "Mama, muda umekwisha," naye akajibu, "Wako umekwisha, lakini uchungu haungoji ratiba."

Basi akazunguka mwenyewe nyumba kwa nyumba, wiki sita, akaandika daftarini maneno ya watu mia mbili na kumi na wanne, kila mmoja na alama ya kidole chake, akalipeleka daftari ofisini kwa mkurugenzi, likapigwa muhuri wa kupokelewa. Mwezi Mei taarifa ya usawa, ile ya kupima kama muungano ungemwonea mtu, ikatoka, ikisema hakuna kundi litakaloathirika na hakuna maoni yaliyoletwa, na wiki hiyohiyo dada akahamishiwa stoo ya mlimani kuhesabu mashuka, hadi alipostaafu Machi 2024.

Moyo ulianza kumsumbua akiwa huko, hospitali ya bondeni ikiwa imeshafungwa. Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi, alianguka jikoni. Kutoka kwake hadi lango la bondeni ni dakika saba kwa miguu, lakini lango lina kufuli, na gari la wagonjwa lilichukua saa moja na nusu kumfikia, akakata roho njiani, kwenye kona ya mwisho ya mlima kabla ya hospitali kuu, akiwa amemshika bintiye mkono.

Tunamshukuru daktari aliyetoka mbio kulipokea gari, majirani waliombeba, na wakunga wenzake waliokuja leo bila ruhusa. Wawili kati yao, pamoja na dereva wa gari lile, watatoa ushahidi mahakamani tarehe 28 Julai, katika kesi tuliyofungua kuhusu kufungwa kwa bondeni. Mkurugenzi, hati yako ya wito utakabidhiwa mlangoni ukitoka, na usihangaike na mlango wa nyuma, shemeji ameketi hapo tangu asubuhi.

Dada, umetuhudumia vya kutosha. Pumzika kwa amani, ugomvi huu tuachie sisi.