Jiwe la Harald

Ndani ya basi la mjini Bergen, Norwe, mtu hamsemeshi asiyemjua, mpaka mvua izidi. Siku hiyo ilizidi. Asbjørg, bibi wa watu, alimwona binti aliyeketi ubavuni mwake akifuta machozi kwa skafu, akashindwa kuvumilia.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Natoka hospitali, bibi. Mrija wangu mmoja wa uzazi umejaa maji. Ndiyo maana sishiki mimba."

"Ulikalia mawe baridi!" Asbjørg akadakia. "Vijana mnapanda milima bila kigodoro cha kukalia."

Abiria wengine walitazama madirisha kwa bidii, masikio yote yakiwa huku.

"Siyo baridi, bibi. Ni klamidia ya zamani, ule ugonjwa wa zinaa. Haikuniuma, sikujua kama ninayo. Ikaacha kovu, mrija ukaziba. Watautoa, maana yale maji yakivujia kwenye kizazi, hata mimba ya kupandikizwa haikai."

"Haikuuma?"

"Hata kidogo."

"Mimi sikujaliwa mtoto," Asbjørg akasema. "Miaka yote nimelilaumu jiwe moja kule mlimani. Ndipo tulipokaa siku Harald aliponichumbia. Mpaka anakufa, sikukubali turudi pale."

Binti akamshika mkono. "Jiwe halina kosa, bibi."

Basi likasimama. Asbjørg akachomoa kigodoro chake mkobani, akamwekea binti mapajani.

"Shika wewe, madaktari nao hawajui yote. Mimi nakwenda kulikalia lile jiwe hivi hivi."